Jicho Linaona Kichwa cha Habari, Amri Inaona Herufi Nene



Nimeombwa nizungumzie kugeuza nyaraka kutoka fomati moja kwenda nyingine kwa kutumia amri, yaani kwa kuandika maneno kwenye dirisha la teminali badala ya kubofya menyu. Najua wengine mmekuja na madaftari mkitarajia orodha ya amri mnakili mwondoke zenu. Amri chache nitazitoa, nazo zitachapwa pamoja na mhadhara huu. Lakini hoja niliyokuja nayo ni nyingine, na ninaitoa mapema ili anayetaka kunibishia ajiandae. Waraka hugeuzika au hukataa kugeuzika tangu siku unapoandikwa. Siku ya kuugeuza ni siku ya kupokea matokeo tu. Amri haiwezi kuokota mpangilio ambao mwandishi hakuuweka.

Tuanze na faili lenyewe. Chukueni faili la Word, lile linaloishia na .docx. Wengi tunalidhania kuwa ni karatasi iliyolala ndani ya kompyuta. Tulifunue kwa amri hii:

unzip -l riwaya.docx

Itatoka orodha ya mafaili yaliyomo ndani yake, kwa kuwa .docx ni faili la zip, aina ile ile mnayotumia kubana picha ili ziingie kwenye barua pepe. Hata herufi mbili za kwanza za kila .docx ni P na K, kumbukumbu ya Phil Katz, Mmarekani aliyetoa programu ya PKZIP mwaka 1989. Katika orodha hiyo mtaona document.xml, ambamo maneno ya mwandishi yamo. Tanbihi zina faili lake, mitindo ina faili lake, picha zina folda yake. Kile tunachokiita ukurasa hakimo kabisa. Ukurasa hupangwa upya kila mara Word inapolifungua faili, kwa kutegemea fonti zilizopo kwenye kompyuta hiyo.

Sasa tuwatazame waandishi wawili. Kila mmoja anaandika maneno "Sura ya Kwanza" juu ya ukurasa. Wa kwanza anayaandika kisha anachagua mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza. Wa pili anayaandika, anayakoleza, anapandisha ukubwa hadi pointi 16, anagonga nafasi mpaka yafike katikati, basi. Vikitoka kwenye printa, huwezi kusema kipi ni cha nani. Ndani ya document.xml, wa kwanza ameacha alama hii:

<w:pStyle w:val="Heading1"/>

na wa pili ameacha hizi:

<w:b/> <w:sz w:val="32"/>

Alama ya kwanza inatamka kwamba hiki ni kichwa. Za pili zinasema tu kwamba herufi ni nene na ukubwa wake ni 32 (Word huhesabu nusu pointi, ndiyo maana 16 imekuwa 32). Hakuna popote panaposemwa kwamba hapa sura inaanza. Jicho la binadamu hulijua hilo kwa mazoea ya kusoma vitabu, na programu haina mazoea hayo. Mkigeuza riwaya hizi mbili ziwe vitabu vya kusomea kwenye simu,

pandoc riwaya.docx -o riwaya.epub

ya kwanza itatoka na orodha ya yaliyomo na kila sura itaanza mahali pake. Ya pili itatoka kama gogo moja lisilo na mlango. Kisha mwenye gogo atalalamika kwamba programu ni mbovu.

Programu hiyo, Pandoc, ndiyo nitakayoitaja zaidi leo. Aliyeitunga si mhandisi wa kampuni kubwa. Ni John MacFarlane, profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, anayefundisha mantiki na falsafa ya lugha. Aliitoa mara ya kwanza mwaka 2006, ameiandika kwa Haskell, lugha ya programu iliyopewa jina la mwanamantiki Haskell Curry, na inatolewa bure pamoja na msimbo wake. Mimi sishangai kwamba kazi hii ilifanywa na mwanafalsafa. Anayegeuza waraka anaulizwa swali la watu wa falsafa hasa: ndani ya waraka huu, kipi ni waraka wenyewe, na kipi ni mwonekano wake tu?

Jinsi Pandoc inavyofanya kazi ni rahisi kwetu kuelewa kuliko kwa wengi. Fikirini soko la Kariakoo. Mnyamwezi, Mhehe, Mchaga na Mmakonde wanauziana, na hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake, kwa kuwa kila mmoja anajua Kiswahili. Pandoc nayo ina lugha yake ya katikati. Sehemu moja ya programu husoma .docx na kuitia katika lugha hiyo. Sehemu nyingine huichukua kutoka hapo na kuiandika kwa EPUB, au HTML, au ODT, au LaTeX. Kama fomati ni 20, kugeuza kila moja kwenda kila nyingine moja kwa moja kungetaka vigeuzi 380. Kwa kupitia katikati vinatosha 40: 20 vya kusoma na 20 vya kuandika. Anayeongeza fomati mpya anaandika viwili tu na papo hapo anazungumza na fomati zote.

Lakini anayepitia lugha ya katikati hupoteza kila jambo ambalo lugha hiyo haina neno lake. Lugha ya katikati ya Pandoc ina aya, vichwa, orodha, majedwali, tanbihi, maneno ya mkazo, viungo na picha. Haina pambizo za sentimita mbili na nusu. Haina rangi ya buluu aliyoipenda katibu muhtasi. Haina maneno ya juu na chini ya ukurasa. Mwongozo wa programu yenyewe unasema wazi kwamba muundo wa waraka utahifadhiwa na urembo wa ukurasa hautahifadhiwa, na kwamba mtu asitegemee ugeuzaji mkamilifu kati ya kila fomati na kila fomati. Anayetaka kuiona lugha hiyo kwa macho yake aandike:

pandoc -t native riwaya.docx

Atakutana na maneno kama Header, Para, Strong, na kila neno la riwaya limefungwa katika kijisanduku chake. Wahariri, nawashauri mjaribu hili japo mara moja. Ndipo mtaona mswada kama mashine inavyouona, na mtagundua upesi sana kama mwandishi wenu ni yule wa kwanza au yule wa pili.

Nikiwa bado na wahariri, kuna jambo moja linaloweza kuwaletea ugomvi. Miswada yenu mingi inapita mkononi ikiwa na marekebisho yanayofuatiliwa: mistari myekundu, maneno yaliyokatwa, maoni ya pembeni. Pandoc isipoambiwa lolote huchukulia kwamba marekebisho yote yamekubaliwa. Kilichoongezwa kinaingia, kilichofutwa kinatoweka, maoni yanaachwa. Mwandishi aliyekuwa bado anabishana nanyi kuhusu aya fulani atakuta ubishi umekwisha bila yeye kujua. Dawa yake ni kuiambia ihifadhi kila kitu:

pandoc --track-changes=all mswada.docx -o mswada.md

Hiyo .md ni Markdown, fomati aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, ambayo ni maandishi matupu yenye alama chache: alama ya reli mwanzoni mwa mstari ni kichwa, nyota mbili kila upande ni herufi nene. Hufunguka kwenye programu yoyote ya maandishi, hata ile duni iliyokuja na kompyuta. Mimi kazi zangu zote naziandika hivyo, nikigeuza kwenda Word pale tu mchapishaji anapodai. Sitawalazimisha. Anayependa Word abaki na Word, mradi atumie mitindo.

Sasa niingie mahali ninapopapenda, nanyi mtanivumilia nikikaa kidogo: ushairi.

Mnajua shairi la tarbia lilivyo. Ubeti una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani minane hapa na minane pale. Washairi wetu wakichapa hutenganisha vipande kwa kugonga Tab, au kwa kugonga nafasi sita saba mpaka pengo lipendeze. Kisha mwisho wa kila mshororo wanagonga Enter, na kati ya ubeti na ubeti wanagonga Enter mara mbili. Kwenye karatasi linatoka shairi zuri, vipande vimesimama kama safu za wanajeshi.

Likipita kwenye Pandoc, mambo matatu yanatokea. Pengo la Tab linakuwa nafasi moja ya kawaida, na nafasi saba zinakuwa moja. Ukwapi na utao vinagandana. Kila mshororo, kwa kuwa umefungwa kwa Enter, unahesabiwa kuwa aya kamili inayojitegemea. Na ile aya tupu iliyotenganisha beti inatupwa, kwa sababu aya isiyo na neno haina maana katika lugha ya katikati. Matokeo yake, shairi la beti 100 linakuwa rundo la aya 400 zisizo na beti. Hakuna hata neno moja lililopotea! Ukihesabu maneno yametimia. Kilichopotea ni shairi.

Na tazameni kilichonusurika. Mshairi aliyezoea kuweka mkato kati ya ukwapi na utao, mkato wake umebaki, kwa kuwa mkato ni herufi kama herufi nyingine. Pengo lilikuwa la macho; mkato ni wa maandishi. Kwa hiyo nawaomba washairi wawekeni mkato, na mwisho wa mshororo ulio ndani ya ubeti mgonge Shift pamoja na Enter, ambayo huvunja mstari bila kufunga aya. Enter yenyewe muiweke mwisho wa ubeti peke yake. Kwa anayeandika Markdown, Pandoc ina alama ya mashairi: kila mshororo huanzishwa kwa mstari wa wima na nafasi, na mwisho wa kila mshororo huheshimiwa. Vidole vinahitaji kuzoea tu, na shairi litapita salama kwenda EPUB, tovuti au kitabu cha karatasi.

Kiswahili kwa jumla kina bahati katika mambo haya. Alfabeti yetu ya Kilatini haina alama juu ya herufi, kwa hiyo mafaili ya Kiswahili ya miaka ya themanini yanasomeka mpaka leo bila shida ya usimbaji. Jirani yetu anayeandika Kikuyu kwa ĩ na ũ ameziona herufi zake zikigeuka viulizo na visanduku tangu kompyuta zilipofika Nairobi. Sisi tuna mahali pamoja tu pa kutia wasiwasi, napo ni padogo kama kipele: kile kikato cha juu katika ng'ombe, ng'ambo, ng'oa.

Kibodi inatoa kikato kilichonyooka. Word, ikijiona ina adabu, inakigeuza kuwa kilichopinda. Mchapaji mwingine, asiyejua kitufe kiko wapi, anaweka kile cha kufungulia nukuu, ambacho kimepindia upande mwingine. Kwa msomaji ni neno lile lile. Kwa kompyuta ni maneno matatu, na anayetafuta ng'ombe kwa kikato kilichonyooka hatawapata waliopinda. Pandoc nayo ina desturi zake. Ikisoma Markdown hupindisha vikato, na ikiandika Markdown kutoka Word hunyoosha. Waraka uliogeuzwa huenda usiwe na kikato kile kile ulichoondoka nacho. Anayetayarisha kamusi, au anayehesabu maneno kwa utafiti, aamue kikato kimoja na kusawazisha maandishi yote kwanza:

sed "s/[‘’]/'/g" kitabu.txt > kitabu-safi.txt

Amri hii inanyoosha vyote, zikiwemo nukuu za kikato kimoja, kwa hiyo ni ya nakala ya utafiti, si ya kitabu kinachokwenda kuchapwa.

Kuna kituko kingine hapo hapo. Nendeni kwenye teminali ya Linux au Mac mwandike amri ya kutafuta neno, grep ng'ombe kitabu.txt, kisha mgonge Enter. Hakitatokea kitu. Mtaona alama > na kompyuta imekaa inawasubiri. Imekiona kikato ikadhani mmefungua nukuu, na inangoja mfunge. Wanafunzi wengi hufikiri mashine imekwama, wakaizima. Haijakwama, bonyezeni Ctrl na C, kisha mlizungushie neno nukuu pacha: grep "ng'ombe" kitabu.txt. Vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa kwa wasomaji wa lugha nyingine havina haja ya kulieleza hili kwenye ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Kiswahili kingepaswa kuanza nalo.

Mpaka hapa nimezungumzia Pandoc kana kwamba ndiyo peke yake. Sivyo. Pandoc inashughulika na muundo. Ukitaka mwonekano ubaki, barua rasmi yenye nembo na mhuri itoke PDF kama ilivyo, tumia LibreOffice. Hii ina ukoo mrefu. Ilianzia Ujerumani kwa kijana Marco Börries aliyefungua kampuni ya Star Division mwaka 1985, ikanunuliwa na Sun ya Marekani mwaka 1999, ikafunguliwa msimbo wake kwa jina la OpenOffice, na mwaka 2010 watunzaji wake wakajitenga na kuunda LibreOffice. Sisi tumo katika ukoo huo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Vijana wengi waliomo humu ndani hawajawahi kuisikia, na ni aibu yetu sisi tuliokuwepo.

LibreOffice inaweza kufanya kazi bila kufungua dirisha lolote:

soffice --headless --convert-to pdf --outdir pdf *.docx

Mstari huu mmoja unachukua kila .docx iliyomo kwenye folda na kuweka PDF zake katika folda iitwayo pdf. Yawe mafaili 3 au 3,000, mstari ni ule ule. Hapa ndipo amri inapoishinda menyu, na si kwa kasi tu. Amri inaweza kuandikwa kwenye faili ikatunzwa. Mwakani, mtu mwingine akikaa kwenye kiti chako, atajua hasa ulifanya nini na atafanya vile vile. Aliyebofya hakuacha ushahidi wowote.

Tahadhari ni tatu. Kwanza fungeni madirisha ya LibreOffice yaliyo wazi, maana yakiwepo amri huenda ikarudi kimya bila kufanya kitu. Pili ni fonti. Waraka ulioandikwa kwa Calibri au Cambria, ukigeuzwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hizo, hupangwa upya kwa fonti nyingine, mistari inasogea, na barua ya ukurasa mmoja inamwaga sahihi yake ukurasa wa pili. Wekeni Carlito na Caladea, ambazo ni za bure na herufi zake zina upana ule ule. Kwa Times New Roman na Arial kuna Liberation.

Ya tatu ndiyo inayoumiza. Folda nyingi za ofisi zina ripoti.doc ya zamani na ripoti.docx ya juzi, kila moja na yaliyomo yake. Mkizigeuza zote mbili, zote zinaitwa ripoti.pdf, na ya pili inaifuta ya kwanza bila kuuliza. Teminali haina tabia ya kusema "una hakika?" Basi hesabuni kabla na baada:

ls *.doc *.docx | wc -l
ls pdf/*.pdf | wc -l

Namba zisipolingana, msifute kitu mpaka mjue kwa nini. Ule mstari wa wima unaochukua matokeo ya amri moja na kuyamimina kwenye nyingine ulikuwa wazo la Doug McIlroy wa Bell Labs, ukaingia kwenye Unix mwaka 1973, na mpaka leo haujapatiwa mbadala ulio mfupi zaidi.

Hizo .doc za zamani, kwa njia, Pandoc haizisomi. Zipitisheni kwanza LibreOffice ziwe .docx, ndipo ziende kwingine.

Nije kwenye swali ambalo wenye steshenari wanaulizwa kila siku: "Kaka, nigeuzie hii PDF iwe Word." Pandoc haisomi PDF kabisa, inaandika tu. Haikuwa uvivu wa profesa. PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008, ilibuniwa ili ukurasa uonekane sawa kila mahali. Ndani yake kwa kawaida mna maagizo ya kuweka herufi fulani, ya fonti fulani, mahali fulani pa ukurasa. Aya hazilazimiki kuwemo. Hata nafasi kati ya neno na neno mara nyingine haimo. Ni herufi tu zimeachana. Anayegeuza PDF kwenda Word anabahatisha: huenda herufi hizi ni neno, huenda mistari hii ni aya, huenda safu hii ya gazeti inaendelea chini na si kulia.

Zana nzuri ya kubahatisha ni pdftotext:

pdftotext kitabu.pdf kitabu.txt

Ikitoa maandishi, yatazameni vizuri mahali penye f na i. Vitabu vilivyopangwa kwa ustadi huunganisha herufi hizo mbili kuwa umbo moja, na umbo hilo lina namba yake katika Unicode. Ndipo rafiki anakuwa "raﬁki", safi inakuwa "saﬁ", na ukitafuta rafiki kwa kuandika r-a-f-i-k-i unaambiwa hayumo. Katika Kiswahili f na i hukutana kila aya: fikra, fika, fimbo, ofisi, wasifiwa. Nakala ya namna hiyo ikiingizwa kwenye hazina ya maneno bila kusafishwa, mtafiti atatangaza kwamba Waswahili hawana marafiki.

Na kama pdftotext ikitoa faili tupu, mjue kwamba PDF hiyo ni picha za kurasa. Hapo kazi si kugeuza tena, ni kusoma upya, na Tesseract inaweza kusoma Kiswahili ikiambiwa:

tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa

Bila hiyo swa mwishoni itasoma kwa mazoea ya Kiingereza na kuyasahihisha maneno yetu isivyotakiwa. Hata ikiambiwa, lazima binadamu apitie.

Neno moja kuhusu tovuti zinazogeuza mafaili bure. Zinakula bando kupakia na kupakua, lakini hilo ni dogo. Mkipakia orodha ya mishahara, faili la mgonjwa au fomu za wanafunzi, mmezikabidhi kwa mtu msiyemjua, na kompyuta yake iko nchi msiyoijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zana zote nilizozitaja leo zinafanya kazi hata mtandao ukiwa umekatika.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa. Nina ombi moja kwa vyuo na kwa wachapishaji. Vyuo vyetu vinapokea tasnifu za Kiswahili kwa PDF peke yake na kuziweka kwenye hifadhi za mtandaoni. Baada ya yote niliyoyaeleza mtaona kwamba huko ni kutunza sura ya kitabu na kutupa kitabu. Dai la mafaili mawili halimgharimu mtu: PDF kwa ajili ya kusomwa, na chanzo chake, .docx au .odt au .md, kikiwa kimeandikwa kwa mitindo ya vichwa. Msimamizi afungue paneli ya vichwa kabla ya kutia sahihi; ikiwa tupu, mswada urudi kwa mwenyewe. Na asiwepo wa kusema diski zitajaa. Kitabu cha kurasa 300, kikiwa maandishi matupu, hakifiki megabaiti moja.